Wimbo wa kuchekesha una ilimu yake: habari za Jacques Offenbach

Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzetu iliyochapishwa katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, ambamo alishauri kwamba vijana wanaojifunza muziki hapa Mombasa wafundishwe nyimbo za mawaidha na za kizalendo pekee, na kwamba nyimbo za mzaha, vijembe na mipasho ziachwe kwa kuwa hazina ilimu ndani yake. Ninamheshimu msomaji huyo, na hofu yake juu ya matusi yanayoimbwa siku hizi katika baadhi ya harusi ninaielewa, kwani nimepiga fidla katika harusi za mji huu kwa zaidi ya miaka 30 na nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini kusema kwamba wimbo wa kuchekesha hauna ilimu ni neno ambalo siwezi kuliacha lipite. Naomba basi uniruhusu nimweleze yeye, pamoja na wasomaji wengine, habari za mtu mmoja aliyeishi Ulaya katika karne ya 19, ambaye karibu kazi yake yote ilikuwa kuwachekesha watu kwa muziki, na ambaye Rossini, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, alimwita Mozart wa Champs-Élysées, akimfananisha na yule bingwa wa watunzi, Mozart. Mtu huyo ni Jacques Offenbach.

Wengi wetu tunamjua bila ya kujua kuwa tunamjua. Upo muziki mmoja wa kasi, wa kurusha miguu juu, ambao watu huuita kankani. Watoto wameusikia katika katuni, vijana wameuweka katika simu zao, na mimi mwenyewe niliwahi kuusikia ukipigwa na kikundi cha matarumbeta kilichokuwa kikimsindikiza bwana harusi mtaani Majengo, wapigaji wakiwa hawana habari ulikotoka. Aliutunga Offenbach mwaka 1858 kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya mchezo wake uitwao Orphée aux enfers, yaani Orfeo kuzimuni. Katika mchezo wenyewe muziki huo haukuitwa kankani bali galopu, ngoma iendayo kwa mwendo wa farasi anayekimbia, na wanaoicheza ni miungu ya Wayunani waliokwenda kuzimuni kustarehe.

Alizaliwa Cologne, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine, tarehe 20 Juni 1819, akapewa jina la Jakob. (Wakati huo Muyaka bin Haji alikuwa hai hapa kwetu Mvita, akitunga mashairi ya mafumbo juu ya ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said. Mambo ya fumbo nitayarudia.) Baba yake, Isaac, alikuwa Myahudi aliyetoka mji wa Offenbach na kuchukua jina la mji huo. Kazi aliyojifunza ilikuwa kufunga vitabu, lakini riziki yake aliipata kwa fidla, na hatimaye akawa mwimbishaji wa sala katika sinagogi la Cologne. Mtoto alianza kupiga fidla akiwa na umri wa miaka sita, kisha akahamia selo, ile fidla kubwa inayoshikwa baina ya magoti na kutoa sauti nzito, kama ya mwanamume anayeimba kwa upole. Mwenye kujua namna waimbaji wetu wengi wa taarab walivyozipata sauti zao katika maulidi na vyuoni hatashangaa kwamba mtunzi wa mizaha alitoka katika nyumba ya sala. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa na wengi wanaosimulia maisha yake, kwa sababu mtu aliyelelewa katika sala zinazoimbwa anajua tangu utotoni kuwa mahadhi si pambo la maneno, bali ndiyo yanayoyabeba maneno. Hata katika mzaha wake mkubwa kabisa, Offenbach hakuyafanyia mzaha mahadhi.

Mwaka 1833, alipokuwa na miaka 14, baba yake alimpeleka Paris pamoja na nduguye mkubwa, Julius, ili waingie chuo kikuu cha muziki cha Ufaransa. Mkuu wa chuo, Luigi Cherubini, alikuwa amemkataa Franz Liszt, aliyekuja kuwa mpiga piano mashuhuri, miaka kumi kabla ya hapo kwa kuwa alikuwa mgeni, na alitaka kumkataa na huyu pia, lakini aliposikiliza selo yake alibadili nia. Kijana alikaa chuoni mwaka mmoja tu. Akatoka, akaajiriwa katika okestra ya jumba la Opéra-Comique, na humo akawa mashuhuri kwa utundu: yeye na mpigaji mwenzake wa selo walikuwa wakigawana wimbo noti kwa noti, huyu apige ya kwanza na yule ya pili, na kila walipogunduliwa walikatwa mshahara. Ninaukumbuka utundu huo kila nifundishapo vijana wawili kupokezana, kwa maana hakuna anayeweza kuufanya bila ya kuwa na sikio na hesabu ya hali ya juu.

Kwa miaka 20 hivi aliishi kwa selo yake, akipiga katika kumbi za matajiri, akisafiri hadi Uingereza ambako mwaka 1844 alipiga mbele ya Malkia Victoria. Mwaka huohuo aliingia Ukatoliki na kumwoa Herminie d'Alcain, aliyekaa naye hadi mwisho wa maisha yake. Lakini alichokitaka hasa ni kutunga kwa ajili ya jukwaa, na wakubwa wa majumba ya opera hawakumfungulia mlango. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wanamuziki wetu wengi wanalijua: alipokosa ukumbi wa watu, alitafuta wake.

Mwaka 1855 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya bidhaa na sanaa, na karibu na uwanja wa maonyesho, katika barabara ya Champs-Élysées, palikuwa na ukumbi mdogo uliokuwa wa mwanamazingaombwe. Offenbach aliuchukua, akauita Bouffes-Parisiens, akaufungua tarehe 5 Julai. Serikali ya siku zile ilikuwa ikiamua ni jumba gani lionyeshe mchezo wa aina gani na wenye wahusika wangapi, na yeye aliruhusiwa kitendo kimoja kifupi chenye wahusika wachache mno. Mojawapo ya michezo ya usiku wa kwanza ilikuwa na watu wawili tu, ombaomba wanaojifanya vipofu juu ya daraja la Paris na kugombania mahali pazuri pa kuombea. Mji mzima ulikwenda kuutazama. Mwaka 1857 alitaka kuweka mhusika wa tano ambaye kibali hakikumruhusu, kwa hiyo akamfanya mtu huyo kuwa askari aliyekatwa ulimi vitani, ambaye husema kwa kuinua maandishi. Sheria ilihesabu wanaosema, na huyu hakusema. Msomaji mwenzangu aniambie kama hiyo si akili.

Michezo hii ya Offenbach ndiyo iitwayo opereta. Opereta ni nini hasa? Jina lenyewe maana yake ni opera ndogo. Katika opera kubwa ya zama zile, kila neno liliimbwa, na habari zake mara nyingi zilikuwa za wafalme, mauaji na mapenzi yanayoishia kaburini. Katika opereta watu husema maneno ya kawaida, kisha jambo linapochemka wanaimba, wanacheza, halafu wanarudi kusema. Habari zake ni za kuchekesha na mwisho wake huwa ni sherehe. Kabla ya Offenbach alikuwapo mwenziwe aliyejulikana kwa jina la Hervé aliyefanya michezo ya namna hiyo, na si haki kumsahau, lakini aliyeipa opereta umbo ambalo dunia iliiga ni Offenbach, naye alitunga karibu 100.

Sasa nirudi kwenye fumbo. Ufaransa wakati huo ilitawaliwa na Napoleon III, aliyechukua mamlaka yote kwa nguvu mwaka 1851 na mwaka uliofuata akajifanya mfalme mkuu. Hakuna mchezo ulioruhusiwa kupanda jukwaani kabla ya maneno yake kusomwa na wakaguzi wa serikali. Offenbach na watungaji wake wa maneno, hasa Henri Meilhac na Ludovic Halévy waliofanya naye kazi kwa miaka mingi, hawakuweza kumtaja mtawala wala mawaziri wake, na kwa hiyo walifanya kama afanyavyo mshairi wa Mvita mwenye adabu na hasira kwa pamoja: walitaja kingine. Katika Orfeo kuzimuni walitaja miungu ya Wayunani. Katika ngano ya kale, Orfeo ni mwanamuziki aliyempenda mkewe Eurydice hata akamfuata katika nchi ya wafu. Katika opereta, mume na mke hawawezi kutazamana. Mke amechoshwa na fidla ya mumewe, na anapokufa mume anashukuru. Anayemlazimisha kumfuata ni mhusika aitwaye Maoni ya Watu, yaani yale macho ya jirani ambayo kila mtu wa Mji wa Kale anayajua vizuri. Juu mbinguni miungu wamechoka kula chakula kilekile kila siku na wanamwasi Jupita, mkubwa wao, na katika uasi huo muziki unapitisha kidogo mahadhi ya Marseillaise, wimbo wa mapinduzi ambao serikali haikutaka kuusikia. Kisha wanamwimbia Jupita orodha ya maumbo yote aliyojigeuza ili awapate wanawake. Hadhira ilijua ni nani aliyekuwa akisemwa. Mtawala mwenyewe alikwenda kuutazama mchezo huo mwaka 1860, akafurahi.

Mwanzoni mchezo haukuwa ukijaza ukumbi sana. Mkosoaji mashuhuri, Jules Janin, aliushambulia gazetini, akisema kuwa umeitia najisi historia tukufu ya kale, na baada ya maneno yake watu wakaja kwa wingi kutazama najisi hiyo ilikuwa na sura gani. Mchezo uliendelea kwa maonyesho 228.

Niseme kidogo juu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ninapotofautiana hasa na msomaji mwenzangu. Mwaka 1864 Offenbach alitoa La belle Hélène, habari za Helena mzuri na mumewe, Mfalme Menelao, ambaye kila mtu anajua kuwa mkewe atachukuliwa. Mfalme anaingia jukwaani kwa maandamano makubwa na kujitambulisha kuwa yeye ni mume wa malkia. Kwa Kifaransa mume ni époux. Mtunzi anaukata mstari kwa namna ambayo silabi ya kwanza inaachwa nyuma na kinachorudiwa ni poux, poux, ambayo maana yake ni chawa. Ni kama mtu aimbe mchumba, kisha kibwagizo kishike chumba, chumba. Mfalme anatangaza cheo chake kwa fahari na muziki unamwita chawa wa malkia, na hakuna neno hata moja la tusi lililoandikwa. Mzaha huo hauko katika maneno peke yake wala katika noti peke yake. Uko mahali mizani inapokatwa. Kila mtunzi wa shairi la bahari ya kuimbwa anajua jinsi ilivyo kazi kuukata mstari pale unapotaka ukatike, na hapo ndipo penye ilimu ninayoisema.

Aliyeimba Helena ni Hortense Schneider, mwimbaji aliyekuwa na sauti, uso na ujasiri, na aliyekuwa akitishia kuacha jukwaa kila alipokorofishwa. Ndiye pia aliyeimba katika La Grande-Duchesse de Gérolstein, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1867, wakati Paris ilipokuwa na maonyesho mengine ya kimataifa na wafalme wa Ulaya walikuwa wamefurika mjini. Mtawala wa kike wa nchi ndogo ya kubuni anapenda sura ya askari wa kawaida, anampandisha cheo mbele ya jeshi mpaka anakuwa jemadari, na vita vinapigwa kwa sababu tu mawaziri wanatafuta kitu cha kumshughulisha. Mfalme wa Urusi alikwenda kuutazama, mwana wa Malkia Victoria alikwenda, na Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola ya Kijerumani, pia alikwenda. Miaka mitatu baadaye Prussia na Ufaransa zilipigana vita vya kweli, na kicheko kile kikageuka machungu.

Lakini inayonigusa mimi kuliko zote ni La Périchole ya mwaka 1868. Ni habari ya waimbaji wawili wa barabarani mjini Lima, nchini Peru, wanaopendana na wanaotaka kuoana lakini hawana hata ada ya kuandikisha ndoa. Wana njaa. Mkuu wa nchi anamwona msichana na kumwahidi chakula na makazi, naye anakubali, kisha anamwandikia mchumba wake barua ya kumuaga. Barua hiyo inaimbwa, na ndani yake hakuna mzaha hata kidogo: anamwambia kwamba anampenda kwa roho yake yote, lakini mapenzi hayamalizi njaa. Muziki wake ni mwepesi, karibu mtupu, na hauombi machozi. Nimeona vijana wangapi katika mji huu, waliopendana na wakashindwa na mahari na gharama za ukumbi, ambao wangeielewa barua ile kwa lugha yoyote ingeimbwa! Mtu aliyezoea kuchekesha ndiye aliyeyatunga mahadhi hayo, na sidhani kama angeyaweza angekuwa hajui kuchekesha, kwa sababu ili wimbo ule uume ni lazima uje katikati ya kicheko.

Vita vya mwaka 1870 vilimwangusha Napoleon III, na Offenbach akajikuta hana kwao. Magazeti ya Ufaransa yalimwita mtu wa Bismarck kwa sababu alizaliwa Ujerumani. Magazeti ya Ujerumani yalimwita msaliti kwa sababu alikuwa raia wa Ufaransa. Wengine walisema kuwa ni vicheko vyake vilivyoilegeza Ufaransa hata ikashindwa, na opereta ya Grande-Duchesse ikapigwa marufuku kwa kulidhihaki jeshi. Alijaribu kurudi kwa kishindo, akachukua jumba kubwa la Gaîté mwaka 1873, akaonyesha Orfeo upya kwa vitendo vinne na mapambo ya gharama kubwa, lakini michezo iliyofuata ilimfilisi na mwaka 1875 akaliacha. Ili alipe madeni alikwenda Marekani mwaka 1876, akaongoza maonyesho 40 hivi New York na Philadelphia, na katika okestra yake ya Philadelphia alikuwamo kijana mpiga fidla aliyeitwa John Philip Sousa, yuleyule ambaye baadaye nyimbo zake za gwaride zilipigwa na bendi za askari duniani kote. Tena wimbo wa kikosi cha wanamaji wa Marekani, ambacho watu wa Mombasa wamewahi kukiona bandarini, mahadhi yake yanatokana na opereta ya Offenbach, Geneviève de Brabant, na katika opereta hiyo unaimbwa na askari wawili waoga!

Alikuwa mgonjwa wa jongo kwa miaka mingi, mwili umekonda hata watu wakamwogopa kumtazama, na mara nyingine alibebwa kwenye kiti hadi kwenye mazoezi. Katika hali hiyo alishika kazi ambayo aliitamani maisha yake yote, opera kamili, yenye hofu na huzuni ndani yake, iitwayo Les contes d'Hoffmann, habari za mshairi anayesimulia mapenzi matatu aliyoyapoteza. Alikuwa akishindana na muda. Tarehe 5 Oktoba 1880 alifariki Paris, akiwa na miaka 61, kabla ya kuimaliza. Mtunzi Ernest Guiraud alimalizia sehemu za okestra, na ikaonyeshwa katika Opéra-Comique tarehe 10 Februari 1881. Desemba mwaka huo, usiku wa pili wa kuonyeshwa kwake katika jumba la Ringtheater mjini Vienna, moto ulizuka na mamia ya watu wakafa. Mwaka 1887 jumba la Opéra-Comique nalo likaungua, pamoja na karatasi za muziki wa opera hiyo. Kwa muda mrefu waimbaji waliihofu kama kitu chenye mkosi, na mpaka leo mabingwa wanabishana juu ya mpangilio wake ulio sahihi, kwani hati nyingine za mkono wa Offenbach ziligunduliwa baada ya karibu miaka 100.

Huenda msomaji akauliza haya yote yanatuhusu nini sisi wa pwani. Muziki huo ulisafiri. Huko Vienna uliamsha opereta za Johann Strauss, na Die Fledermaus yake ya mwaka 1874 imetokana na mchezo wa walewale Meilhac na Halévy. London, mwaka 1875, Gilbert na Sullivan walitoa Trial by Jury ili iongezee usiku ambao mchezo wake mkubwa ulikuwa La Périchole. Na Cairo, Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alipofungua jumba lake la michezo Januari 1869, kilichoimbwa usiku wa kwanza ni La belle Hélène. Cairo ni mji ambao masikio ya Zanzibar na Mombasa yameuelekea tangu enzi za Sayyid Barghash, na sisi wapiga taarab hatuwezi kuutaja muziki wetu bila ya kuutaja. Mwaka 1920, Sayyid Darwish, aliyetunga wimbo ambao sasa ni wa taifa la Misri, alitunga muziki mpya kwa ajili ya opereta ya Kiarabu ambayo habari yake ilichukuliwa kutoka Barbe-bleue, mchezo wa Offenbach wa mwaka 1866, ikageuzwa kuwa fumbo dhidi ya watawala wa kigeni wa Misri. Mahadhi ni ya Darwish, si ya Offenbach, lakini njia ya kumsema mkubwa kwa kumvisha nguo za mwingine ilikuwa ileile, na Wamisri waliielewa mara moja.

Sitaki nimsifu kupita kiasi. Alitunga haraka mno, na nyingi katika hizo opereta karibu 100 hazipigwi tena, wala sioni kosa katika hilo. Mizaha mingine ilikuwa ya Paris ya miaka ya 1860 na ilikufa pamoja na watu wake. Wala sisemi kwamba kila mpasho ni sanaa. Kinachoitwa mpasho katika baadhi ya harusi zetu ni tusi lililopandishwa kwenye kinanda, na tusi halihitaji mtunzi. Lakini dawa yake ni kumfundisha kijana namna fumbo linavyofumwa, si kumficha kicheko. Niliwahi kufundisha katika shule moja ambako wanafunzi walitayarisha wimbo wa mzaha juu ya dalali wa mitihani, mtu anayeuza majibu ya uongo, wakaupangilia sauti tatu na kuufanyia mazoezi kwa muhula mzima. Siku ya sherehe ukaondolewa ghafla kwa hoja kuwa utaleta aibu mbele ya wageni. Wale watoto waliimba wimbo wa kukaribisha wageni badala yake, kwa sauti moja, na sijasahau nyuso zao.

Ningeomba, Mhariri, kwamba ukurasa wako wa utamaduni uwe unatoa nafasi, hata kama ni mara moja kwa mwezi, kwa habari za watunzi kama huyu, na za watunzi wetu wa vijembe na mafumbo pia, zikiandikwa na watu wanaoujua muziki kwa mikono yao. Na kwa walimu wanaotaka mahali pa kuanzia, nawashauri waanze na barkarola, iliyomo katika Les contes d'Hoffmann. Barkarola ni wimbo wa wapiga makasia wa Venice, mji uliojengwa majini. Offenbach alikuwa ameutunga kwanza kwa ajili ya opera nyingine, iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1864 na haikufaulu, naye hakuuacha upotee. Sauti mbili za kike zinaimba kwa pamoja juu ya mapigo sita, hesabu ileile ya chakacha, ila chakacha inasukuma kiuno na hii inasukuma chombo.

Mwaka jana tuliupiga barazani Kibokoni, mimi na fidla yangu, mwenzangu na ganuni, na kijana mmoja wa dufu ambaye nilimwomba apige kwa ncha za vidole tu. Alikuwapo mzee mmoja, nahodha wa majahazi aliyeacha bahari zamani, ambaye hapendi muziki wa Kizungu na husema hivyo waziwazi. Tulipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Huyu aliyetunga, alikuwa baharia wa wapi?" Nikamwambia kuwa hakuwa baharia, alikuwa mtu wa michezo ya kuchekesha. Akasema turudie, na safari hii tupunguze mwendo, kwa maana maji tuliyokuwa tukiyapiga yalikuwa ya bamvua, na wimbo ulikuwa wa maji mafu.

Tukarudia kama alivyosema, na ikawa bora.

Wako katika muziki,

Mpiga fidla na mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa